Mnaotaka Taifa Stars ijazwe wachezaji wa nje, jibu langu ni hili

Ndugu zangu, tangu Taifa Stars itolewe na Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) pale Rabat, Januari 2026, naulizwa jambo moja tu, hata salamu hazikamiliki. Wewe uliyeko huko, tuambie ukweli: tukijaza kikosi wachezaji wanaocheza nje, si tutatoboa? Wengine mmeshatoa na hukumu kabisa, mnataka wa ndani wote wabaki kutazama kwenye runinga, na aitwe kila Mtanzania anayelipwa kucheza mpira ng'ambo, hata awe daraja la tano. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nawajibu wote kwa pamoja, na nitasema kama ninavyoona. Atakayekasirika atanisamehe.

Mimi si mchezaji, si wakala, wala sina ndugu TFF, shirikisho letu la mpira. Niko Ubelgiji, mkoa wa Limburg, nafanya kazi ghalani, na siku za mapumziko naenda kuangalia mpira. Ligi kuu pesa ikiruhusu, madaraja ya chini mara nyingi zaidi, kwa sababu huko kiingilio hakiumizi na unakaa karibu na uwanja kiasi cha kusikia kocha anavyotukana. Basi ujuzi wangu ni huo. Ila nadhani nimeona kitu ambacho kutoka huko nyumbani hakionekani vizuri.

Tuanze na hao hao Morocco. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Uwanja wa Mkapa umefurika, walitufunga 1-0. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu, kwa hiyo siku ile hapakuwa na Hakimi wala Bounou, nyota wao wanaocheza nje. Aliyetuumiza ni Oussama Lamlioui wa RS Berkane, klabu ile ile iliyoinyima Simba Kombe la Shirikisho Afrika Mei mwaka huo huo. Haikutimia hata miezi mitano, wakatufunga 1-0 tena, safari hii kwa kikosi chao kilichojaa wa nje, bao la Brahim Díaz wa Real Madrid, kijana aliyezaliwa Málaga. Morocco mbili tofauti kabisa, na zote zimetutoa kwa bao lile lile moja. Anayesema tatizo letu ni upungufu wa wachezaji wa nje, anieleze Agosti ilikuwaje.

Na msisahau tulifikaje hiyo hatua ya 16, ambayo hatukuwahi kuifika tangu tuanze kwenda AFCON mwaka 1980. Tulifika kwa pointi mbili, sare na Uganda na sare na Tunisia. Bao la kusawazisha dhidi ya Tunisia alifunga Feisal Salum. Fei Toto wa Azam. Hakutoka Bundesliga ya Ujerumani.

Sasa msije mkaninukuu vibaya mkasema eti nimesema kucheza nje hakuna faida. Faida ipo, tena kubwa. Ninachokataa ni hili la kudhani faida inaanza mtu akigongewa muhuri uwanja wa ndege. Mchezaji anatengenezwa na mechi anazocheza kila wiki, dhidi ya nani, kwa dakika ngapi, na anaadhibiwaje anapokosea.

Kumbukeni mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, Kombe la Dunia 2018. Ubelgiji 2, Uingereza 0. Wachezaji wote 23 wa Uingereza walitoka klabu za nyumbani kwao, na hapakuwa na timu nyingine ya namna hiyo kwenye mashindano yale. Ubelgiji ilikuwa kinyume: kati ya 23, aliyekuwa anacheza ligi ya Ubelgiji ni Leander Dendoncker wa Anderlecht peke yake. Mkihesabu kwa kigezo chenu cha "wa ndani" na "wa nje", hizo ni timu mbili zisizofanana hata chembe. Lakini De Bruyne, Hazard, Lukaku, Kompany, Courtois, Vertonghen na Alderweireld walikuwa wote Ligi Kuu ya Uingereza, wanakutana na hao hao Waingereza wiki hadi wiki. Kwa hiyo siku ile wengi uwanjani walikuwa watu wa ligi moja. Mwingereza hana sababu ya kuhama, ligi inayomnoa iko mlangoni kwake. Mbelgiji lazima aifuate. Hazard aliondoka kwao akiwa na miaka 14, akaenda Lille.

Mwaka 2022 Saudi Arabia na Qatar zote zilipeleka Kombe la Dunia wachezaji wa ligi zao tupu. Saudia ikaipiga Argentina 2-1, Argentina ambayo kwenye kikosi chake chote aliyekuwa anacheza nyumbani ni kipa Franco Armani tu, kisha ikapoteza mbili zilizofuata na kurudi nyumbani. Qatar ikapoteza zote tatu, tena ikiwa mwenyeji. Argentina ikabeba kombe. Mnaona? Kila mmoja wenu anaweza kuchomoa mfano wa kumfurahisha.

Kwetu Afrika ni hivyo hivyo. Misri ilichukua AFCON tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, kwa kikosi kilichojaa watu wa klabu za kwao, Al Ahly, Zamalek na Ismaily. Ila katika miaka hiyo hiyo haikukanyaga Kombe la Dunia hata mara moja. Zambia ilichukua AFCON 2012 kwa penalti mbele ya Ivory Coast ya Drogba, Yaya Touré na Gervinho, majina ambayo Ulaya nzima iliyajua. Wazambia wengi walikuwa wanacheza huko huko Afrika. Penalti ya mwisho aliifunga Stoppila Sunzu, mtu wa TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo.

Hapo kwenye Mazembe nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopaswa kujifunza na hatupatazami. Mkisema "nje" mnamaanisha Ulaya tu. Mbwana Samatta, straika wetu, hakuruka kutoka Simba pale Msimbazi hadi Ulaya. Alitoka Simba mwaka 2011 akiwa kijana mdogo, akaenda Mazembe, Lubumbashi, na hapo akakaa karibu miaka mitano. Alikuwa anafanya mazoezi na watu kama huyo Sunzu na Rainford Kalaba, anasafiri Afrika nzima, anazomewa Kaskazini na kutupiwa chupa, anapigania namba. Mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alipofika Genk, hapa Ubelgiji, Januari 2016 alikuwa mtu mzima wa mpira. Alikuja kazini, majaribio alikuwa ameyamaliza Afrika.

Genk yenyewe ni mji wa wahamiaji. Ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na wajukuu wa wachimbaji wa Kiitaliano, Kituruki na Kimorocco ndio wanaojaza majukwaa. Klabu imemlea De Bruyne, imemlea Courtois. Pale Samatta alichukua ubingwa wa ligi msimu wa 2018/19 akifunga mabao 23, na mwaka ule ule akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Mpaka leo ukisema hapa unatoka Tanzania, mzee wa Genk anakutajia Samatta kabla hajakutajia Kilimanjaro. Kwangu imenisaidia kazini kuliko cheti chochote nilichokuja nacho.

Lakini tazameni kilichotokea kiangazi hicho hicho. Samatta bingwa wa Ubelgiji, nahodha wetu, tukaenda AFCON Misri. Senegal 2-0. Kenya 3-2, tena tuliongoza mara mbili. Algeria 3-0. Mechi tatu, pointi sifuri. Majirani zetu Wakenya walikuwa na nahodha Victor Wanyama, ametoka Tottenham, nao waliishia makundi. Liberia ilikuwa na George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, na haijawahi kuvuka makundi AFCON wala kwenda Kombe la Dunia. Mtu mmoja wa kiwango cha juu anakupa mabao ya kufuzu. Ukishafika, unakutana na timu ambayo beki wa kushoto, kiungo mkabaji na kipa wote wanacheza kwa kasi ile ile, na kwa upande wetu ni Samatta peke yake anayeweza kwenda nao.

Ngoja sasa niwaambie maisha ya huku, maana ndiyo mliyoniuliza hasa.

Mkisikia fulani "yuko Ulaya" mnaona picha moja. Mimi pia niko Ulaya. Daktari bingwa anayeishi mtaa wa pili naye yuko Ulaya. Hakuna mtu angetuajiri sote wawili kwa kazi moja kwa sababu tu tunalipa kodi kwa serikali moja. Mpira ni vilevile. Kuna Mtanzania anayecheza ligi kuu ya nchi yenye mpira mkubwa, na kuna aliyeko daraja la tatu katika nchi ambayo hata wenyeji hawaangalii ligi yao. Wote mnawaita wachezaji wa kulipwa wa nje na mnataka wapewe namba sawa.

Sheria ya hapa Ubelgiji inataka mchezaji anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya alipwe si chini ya kiwango kilichowekwa, na kiwango hicho ni kikubwa kuliko mshahara wa chini wa kijana wa hapa. Uholanzi nako iko sheria kama hiyo. Maana yake, klabu ikimchukua Mtanzania, hatoshi kuwa sawa na Mbelgiji wa umri wake. Lazima awe bora zaidi kwa wazi, la sivyo mhasibu wa klabu atauliza kwa nini. Uingereza ni ngumu zaidi: kibali cha kazi kinapimwa kwa pointi, na kati ya vinavyopimwa ni mechi ulizochezea timu ya taifa, nafasi ya taifa lako kwenye viwango vya FIFA na hadhi ya ligi unayotoka. Kwa hiyo mlango wenyewe unazunguka. Taifa likiwa chini, wachezaji wake hawapati vibali. Wasipopata vibali, taifa linabaki chini.

Akishaingia, anaanza kupambana na vitu ambavyo haviandikwi magazetini. Mazoezi asubuhi, kuna barafu, maelekezo ya kocha yanatoka kwa Kiholanzi na yeye anasubiri mwenzake amnong'oneze. Saa nane mchana anarudi nyumba tupu. Nyumbani wanapiga simu, na mnajua simu zetu zinavyoanza na zinavyoishia. Hajacheza mechi mwezi mzima, lakini kwenye simu hawezi kusema, kwa sababu huko ameshawekwa kwenye mabango. Nimewahi kuzungumza na kijana mmoja wa Afrika Mashariki baada ya mechi ya timu ya akiba, jina lake nalihifadhi. Aliniambia kinachomuuma hata si kukaa benchi. Kinachomuuma ni kuitwa timu ya taifa akiwa hana pumzi ya mechi, kisha anazomewa na watu wake kwamba Ulaya imemharibu.

Na timu ya taifa inagharimu. Mechi ya Jumapili hapa, Jumatatu ndege, Jumanne jioni Dar, siku mbili za mazoezi kwenye joto, mechi, ndege tena. Anarudi kukuta mwenzake amefunga mabao mawili kwenye mechi ya kirafiki. Klabu inalazimishwa na FIFA kumwachia, lakini hakuna anayeweza kumlazimisha kocha kumpanga akirudi. AFCON inayochezwa katikati ya msimu wa Ulaya ndiyo balaa, anapotea kwa wiki kadhaa. Hakimi anarudi anaikuta namba yake imelala inamsubiri. Huyu wetu wa daraja la pili haikuti.

Farid Mussa alikwenda Tenerife, Hispania, akitokea Azam, akakaa miaka, akarudi Yanga. Watu walimcheka. Mimi siwezi kumcheka, nimeona wangapi hapa wameshindwa hata mahali alipofika yeye.

Tena kuna jambo mnaliogopa kulisema: ligi yetu inalipa. Simba, Yanga na Azam zinalipa mshahara ambao klabu nyingi za madaraja ya kati ya Ulaya haziutoi, ukiondoa kodi ya serikali na ya nyumba. Sasa mtu ana miaka 25, anajulikana, ana mkataba mzuri, mnamwambia aende daraja la pili Cyprus akaanze upya. Kwa nini? Ningekuwa yeye nisingeondoka. Tatizo liko kwenye umri. Hatuwauzi wakiwa na miaka 18 au 19, wakati mshahara wa nyumbani haujawafunga na miguu bado inafundishika. Senegal wana kituo cha Génération Foot chenye ushirikiano na Metz ya Ufaransa. Sadio Mané alipitia hapo, Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr wakafuata njia ile ile. Barabara iko wazi, vijana wanaipita kizazi baada ya kizazi. Sisi kila mchezaji anafyeka njia yake, na akishapita majani yanaota tena.

Wakati huo huo sheria inaruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Siwapingi wageni, wameinua ligi. Lakini fainali ya Shirikisho 2023 mabao yote mawili ya Yanga dhidi ya USM Alger yalifungwa na Wakongo, Mayele na Djuma Shabani. Fainali ya 2025 bao la Simba lilifungwa na Mzambia, Joshua Mutale. Klabu zetu zimekua, kocha wa taifa akitafuta straika anakuta majina yale yale. Simon Msuva ameendelea kuitwa miaka nenda rudi kwa sababu alithubutu kwenda Morocco mapema, na kwa sababu nyuma yake foleni ni fupi.

Kuna njia nyingine, ya watoto waliozaliwa huku. Jirani zetu Wakomoro ndio wa kuwatazama. Visiwa vile vidogo, AFCON yao ya kwanza, Januari 2022, waliifunga Ghana 3-2, na wengi wao ni watoto wa wahamiaji waliokulia Ufaransa. Cape Verde, nchi ya watu laki tano na ushee, ilifuzu Kombe la Dunia 2026 kwa mtindo huo. Beki wao Roberto Lopes amezaliwa Dublin, na kocha alimpata kwa kumwandikia ujumbe kwenye LinkedIn. Morocco ya 2022 iliyofika nusu fainali, wachezaji 14 kati ya 26 walizaliwa nje ya Morocco. Ila msisome nusu ya habari. En-Nesyri, Aguerd na Ounahi wametoka Akademi ya Mohammed VI, nyumbani. Krosi iliyozaa bao lililoing'oa Ureno ilipigwa na Attiat-Allah, beki wa Wydad, klabu ya huko huko Morocco. Wanachanganya.

Kwetu mlango huo umefungwa nusu. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya wameruhusu tangu katiba ya 2010. Mzazi wa hapa mwenye kijana mwenye kipaji na pasi ya Ubelgiji, mnamwomba mtoto aitupe pasi inayompa kazi katika Umoja wa Ulaya mzima, ili aje kucheza mechi sita kwa mwaka. Tena ni pasi hiyo ndiyo inayofanya klabu isilazimike kumlipa ule mshahara mkubwa wa wageni. Mzazi anafanya hesabu dakika moja tu. Mnaolalamika kwamba watoto wa diaspora hawana uzalendo, pelekeni malalamiko bungeni. Mimi mwenyewe nina binti anayecheza chini ya miaka 13, anaimba "Taifa Stars" kuliko mnavyoimba nyie, na swali hilo likija nyumbani kwangu sijui nitalijibuje.

Kwa hiyo mkiletewa habari kwamba fulani amesajiliwa nje, ulizeni ligi gani, anaanza au anakaa benchi, ana umri gani. Kama ana miaka 20 na anacheza kila wiki, hata iwe Algeria au Afrika Kusini, furahini. Afrika Kusini yenyewe ilichukua medali ya shaba AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ikaitoa Morocco njiani, na uti wa mgongo wa timu ulikuwa Mamelodi Sundowns, klabu ya nyumbani kwao. Kama ana miaka 28 na yuko timu ambayo hamwezi kuiona hata kwenye matokeo, mwacheni Fei Toto acheze.

Nimebakiza shangazi mmoja aliyeniandikia kuhusu mwanawe wa miaka 16. Kuna mtu anasema ni wakala, anataka pesa ya viza na ya majaribio, na ameahidi klabu ya Ubelgiji. Shangazi, shikamoo. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha kimataifa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mazingira machache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Kuna ruhusa ya miaka 16 hadi 18 kwa uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, na mwanao hayuko huko. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linatafutwa kwenye tovuti yao. Klabu inayomtaka mtu kweli inaandika barua yenyewe na kwa kawaida inalipa gharama za majaribio yenyewe. Huyo bwana usimpe hata senti, na kama ameshachukua pasi ya mtoto, ifuateni leo hii hii.